Wiki ya Kusaka Kalamu za Maki-e: Tokyo, Kanazawa, Kyoto

Maki-e ni mchoro wa unga wa dhahabu au fedha juu ya urushi, utomvu wa mti unaopakwa kama vanishi.

Jumapili tarehe 16, Tokyo

Soko la vitu vya kale la Oedo hufanyika Jumapili ya kwanza na ya tatu ya mwezi, kwenye ua wa Tokyo International Forum, jirani kabisa na kituo cha Yurakucho. Mvua ikinyesha hakuna soko, kwa hiyo utabiri wa hali ya hewa huangaliwa usiku wa kuamkia. Mkobani mna lenzi ya sonara ya kukuza mara 10, tochi ndogo ya mwanga mweupe, rula ya milimita, kitambaa laini cha pamba, karatasi ya kufyonza wino na yen taslimu. Pete na saa huvuliwa kabla ya kugusa chochote.

Kalamu za wino hapa hazina meza yao. Zimo kwenye visahani pamoja na saa zilizokufa, miwani na vishikizo vya mifuko ya tumbaku. Nyingi ni seluloidi (plastiki ya zamani) au ebonaiti (mpira mgumu) tupu. Ukiona dhahabu juu ya weusi, usikimbilie nibu, ile ncha ya kuandikia, wala sahihi, maana nibu hubadilishwa na sahihi huongezwa. Urushi yenyewe ikiharibika hairudi, na ndiyo unayoilipia.

Anzia mdomo wa kifuniko. Hapo ukuta ni mwembamba kuliko kwingine, na ndipo kalamu ikianguka hupata ufa. Zungusha polepole chini ya tochi, ukitafuta mstari mwembamba kama unywele. Ukiupata, mulika ndani ya kifuniko: ukionekana na upande wa ndani, ebonaiti imepasuka na kalamu hiyo ni ya kutazama tu. Ukiishia nje, ni urushi peke yake iliyoachia, na hapo bado mnaweza kuzungumza bei.

Kisha mkia. Wenye kalamu wa zamani walizoea kuchomeka kifuniko nyuma wakati wa kuandika, na mdomo wake ukakwangua dhahabu kwa mviringo. Pete hiyo ya ukwaruzi huonyesha kalamu ilitumika kiasi gani kuliko kitu kingine chochote. Baada ya hapo tazama hesi za kufungia kifuniko. Hesi za ebonaiti halisi hubaki kali na safi. Zikiwa zimejaa, zimeviringika au zinang'aa kama mwili, mtu amepaka urushi upya, na huenda mchoro wote ni wa juzi.

Mwisho laza tochi ubavuni, mwanga upite juu ya uso badala ya kuushukia. Mabonde, mavimbe na viraka vilivyojazwa hutoka kwa vivuli vyao. Muuzaji akikataa mwanga wa kando, rudisha kalamu, shukuru, endelea.

Jumatatu tarehe 17, Tokyo

Makumbusho mengi ya Japani hufungwa Jumatatu, kwa hiyo siku hii ni ya maduka: Ginza asubuhi, Shinjuku mchana, ambako Kingdom Note huuza kalamu zilizotumika. Mwongozo wa zamani ukikutuma kwenye makumbusho ya Pilot pale Kyobashi, usiende, yalishafungwa.

Dukani bei ni ya juu kuliko sokoni, lakini kuna meza, taa, na mtu atakayekufungulia kalamu kumi bila kununa. Ni mahali pa kujifunza kutambua umri. Kampuni ya Namiki ilianzishwa 1918 na Ryosuke Namiki, mhandisi aliyefundisha chuo cha mabaharia, pamoja na Masao Wada. Kero yao ilikuwa ebonaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa: mweusi ti ukiwa mpya, lakini jua na unyevu huugeuza kahawia. Katikati ya miaka ya 1920 wakapata kinga, urushi iliyoshikanishwa na ebonaiti kwa joto, wakaiita Laconite. Maki-e ilikuja juu ya uso huo uliokuwa tayari. Mwaka 1930 wakafunga mkataba na Alfred Dunhill, na kalamu zenye chapa ya Dunhill-Namiki zikauzwa kwa matajiri wa Ulaya. Mwaka 1938 jina la kampuni likawa Pilot.

Tarehe hizo zinasaidia, ila zina mitego. Jina la Pilot lilikuwa kwenye kalamu kabla ya 1938, na jina la Namiki lilirudishwa baadaye kwa kalamu za kifahari. Kwa hiyo neno moja kwenye mwili halikupi umri. Alama za kuaminika zaidi ni hizi. Nembo ya JIS, ile ya viwango vya viwanda vya Japani, ilianza 1949. Nibu yenye nembo hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, hata muuzaji aape. Nibu ya chuma mara nyingi ni ya kipindi cha vita au kinachoambatana nacho, kwa sababu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 dhahabu ilizuiliwa. Na kwenye nibu za Pilot za miaka ya 1960 na 1970 utakuta herufi ya kiwanda, kisha mwezi na mwaka: H367 ni Hiratsuka, Machi 1967. Hiyo ni tarehe ya nibu peke yake. Nibu ya 1967 ndani ya mwili unaodaiwa kuwa wa 1930 maana yake ni mojawapo ya mawili: nibu ilibadilishwa, au mwili si wa 1930. Bei ishuke kwa vyovyote.

Kalamu fupi za mfukoni za miaka ya 1960 na 1970 ndizo mlango wa bei nafuu, na zipo zenye maki-e nzuri. Uliza kwanza zinakula wino gani. Katriji (kibomba cha wino cha kubadilisha) ya leo ya Platinum huingia kwenye kalamu nyingi za Platinum za enzi hizo. Zile za Pilot za mtindo wa Double Spare hazipati katriji mpya; utabaki kujaza ganda kuukuu kwa sindano ya bomba.

Jumanne tarehe 18, Tokyo, mezani

Siku ya kukaa ndani na kufungua vilivyonunuliwa. Haipendezi kama soko, lakini kalamu nyingi huvunjikia hapa, mikononi mwa mwenye haraka.

Mfumo utakaoukuta sana kwenye kalamu kubwa za zamani ni inki-dome. Mwili wote ndio tangi la wino. Fimbo nyembamba ya ebonaiti hupita katikati kuanzia kitasa cha mkiani, na ncha yake ya mbele huziba tundu linaloingia shingoni, sehemu inayoshika nibu. Kalamu ikibebwa, kitasa hukazwa na wino haupiti. Ukitaka kuandika, unalegeza kitasa mpaka kirudi nyuma milimita 2 au 3. Mkiani fimbo hupita katikati ya kizibo cha koki kinachozuia wino kutoka nyuma. Kujaza ni kufungua shingo na kumimina wino kwa dropa.

Ubaya wa mfumo huu unatokea sehemu tatu. Ya kwanza ni koki: ikikaa miaka mingi bila maji husinyaa, na wino hutambaa nyuma hadi kwenye kitasa. Ya pili ni fimbo: wino uliokauka huigandisha kwenye koki, na mtu akizungusha kitasa kwa nguvu, fimbo hukatika ndani. Ebonaiti iliyozeeka haipindi, inavunjika. Ya tatu haina dawa, maana ni tabia ya mfumo wenyewe. Wino ukishuka chini ya theluthi, hewa iliyojaa tangini hupata joto la mkono, inatanuka na kusukuma tone zima kwenye karatasi. Anayeitumia hujaza mapema, hasubiri iishe.

Kwa fimbo iliyoganda, fanya hivi. Fungua shingo kwa mkono mkavu. Ikigoma, ipashe kwa kikausha nywele kutoka mbali, ukigusa mara kwa mara, na usivuke nyuzijoto 50 hivi. Gamba la chaza, dhahabu na ebonaiti havitanuki sawasawa, na joto kali hubandua kipande. Shingo ikishatoka, tia maji ya joto la kawaida ndani ya mwili kwa dropa, mililita 1 hivi, usimamishe mdomo juu ili maji yakae kwenye koki. Acha usiku kucha, mwaga, rudia mpaka maji yatoke meupe. Kisha jaribu kitasa kwa vidole viwili tu. Kikikataa, rudia.

Usiizamishe kalamu yote majini, hata kwa dakika chache. Ebonaiti iliyo wazi kwenye hesi na shingo hubadilika rangi, na maji huingia chini ya urushi kupitia ufa usiouona. Asubuhi utakuta kingo zimevimba.

Koki mpya hutiwa nta kabla ya kuwekwa. Mafundi wengi wa sasa huweka pete ya mpira badala yake, na hilo ni sawa mradi tundu la mwili halikuchongwa kupanuliwa. Uliza kabla ya kununua kalamu iliyokarabatiwa: ukarabati unaoweza kurudishwa nyuma haupunguzi thamani, tundu lililochongwa linapunguza.

Kalamu zenye wenzo wa kujazia wino ubavuni zina shida yake. Mfuko wa mpira ulioko ndani umekuwa mgumu, na kuvuta wenzo kwa nguvu hupasua urushi kwenye kingo za mwanya wake. Usiuguse wenzo hadi shingo ifunguliwe na mabaki ya mfuko yatolewe.

Nyenzo za kuepuka: spiriti, dawa ya meno, rangi ya viatu, na vitambaa vilivyotiwa dawa ya kung'arishia fedha. Hivi vya mwisho ndivyo hatari zaidi. Kwenye maki-e mwezi au mawimbi hutengenezwa kwa unga wa fedha, nao huwa mweusi kwa miaka. Weusi huo ni sehemu ya umri wake, na anayeusugua anaondoa unga wenyewe.

Jumatano tarehe 19, Kanazawa

Treni ya kasi ya Hokuriku Shinkansen hutoka Tokyo hadi Kanazawa kwa takriban saa mbili na nusu. Hapa hakuna kununua. Jumba la Taifa la Ufundi lilihamishiwa mjini humu mwaka 2020, na ndani yake kuna karakana ya Gonroku Matsuda iliyopangwa kama alivyoitumia. Matsuda alizaliwa Kanazawa 1896, akasomea sanaa Tokyo, akafanya kazi na Namiki katika miaka ya mwanzo ya kalamu za maki-e. Mwaka 1931 likaundwa kundi la mafundi la Kokkokai, ambalo jina lake huandikwa kwa urushi kwenye mwili wa kalamu, karibu na sahihi ya fundi. Matsuda alitangazwa Hazina Hai ya Taifa, heshima ya serikali kwa mafundi bingwa, mwaka 1955 na kufariki 1986.

Kilichopo cha kujifunza ni jicho. Urushi ni utomvu wa mti, na haukauki kwa kupoteza maji. Kimeng'enya kilichomo ndani yake huchukua oksijeni na kuugandisha, na kinahitaji unyevu: fundi huweka kazi kwenye kabati lenye unyevu wa asilimia 70 hadi 85 na joto la nyuzi 20 hadi 25. Kila tabaka hungoja, kisha husuguliwa, kisha lingine hupakwa. Ndiyo maana kalamu moja huchukua miezi.

Mbinu kuu ni tatu, na kila moja huchakaa kwa njia yake. Kwenye hira maki-e fundi huchora kwa urushi mbichi, hunyunyiza unga wa dhahabu juu yake, hugandisha, kisha hupaka urushi nyembamba ya kuushika. Mchoro umeinuka kidogo sana juu ya uso, hivyo kingo zake ndizo huliwa kwanza. Kwenye togidashi mchoro hufunikwa wote kwa urushi, kisha husuguliwa kwa mkaa laini na maji hadi dhahabu itokeze, ikiwa sawa kabisa na uso. Ukifumba macho kidole hakihisi kitu. Hii ndiyo hudumu, na kwa mtumiaji wa kila siku ndiyo ya kununua. Kwenye taka maki-e mchoro huinuliwa kwanza kwa matabaka, ndipo dhahabu ije. Inapendeza kuliko zote kwenye kabati la kioo, ila dhahabu ya vileleni hutoka mapema na msingi mwekundu au mweusi huchungulia. Kwenye manyoya ya ndege au magamba ya samaki, tazama vilele kwa lenzi, si mabonde.

Kuna pia raden, vipande vya gamba linalometa kama ndani ya chaza, na rankaku, maganda ya mayai ya kware yaliyopangwa punje kwa punje. Raden inayoachia huonyesha mstari mweusi wa hewa upande mmoja. Usiibonyeze kuona kama inacheza, maana itatoka.

Wajima, mji maarufu wa urushi kaskazini mwa hapa, haumo kwenye ratiba hii. Tetemeko la Noto la tarehe 1 Januari 2024 na moto uliofuata viliteketeza eneo la soko lake la asubuhi na karakana nyingi.

Alhamisi tarehe 20, Yamanaka, kisha Kyoto

Kituo cha Kagaonsen kimo kwenye kipande cha Shinkansen kilichofunguliwa Machi 2024. Kutoka hapo basi hupanda hadi Yamanaka, mji wa wachongaji wa mbao kwa keezo, ambao pia ulijifunza mapema kutengeneza vyombo vya plastiki vilivyopakwa rangi za viwandani. Ndipo mahali pazuri pa kuona kwa karibu maki-e ya kuchapwa, ile inayouzwa kwa jina la maki-e ya kisasa. Ni bidhaa halali, na Sailor, Platinum na Pilot zote zimeiuza. Ubaya ni pale inapofika soko la vitu vya kale bila kadi yake na kupewa bei ya kazi ya mkono.

Kwa macho matupu hutofautishi kirahisi. Chini ya lenzi ni dakika moja. Unga ulionyunyizwa kwa mkono huanguka ovyo: punje nene, punje nyembamba, zilizopandana, na mchoro hufifia pembezoni kwa kupungua kwa punje. Kazi ya kuchapwa ina ukingo mkali unaofanana pande zote, na rangi hufifia kwa nukta zilizopangwa kwa safu. Linganisha kalamu mbili za mchoro mmoja. Jani likiwa na mkunjo uleule mahali palepale, ni chapa. Zipo pia za mchanganyiko, chapa chini na mistari michache ya mkono juu, na hizo ndizo hukamata wengi, kwa sababu mnunuzi hutazama mstari wa mkono na kuridhika.

Jioni treni hadi Tsuruga, kubadilisha kuingia treni ya Thunderbird, hadi Kyoto.

Ijumaa tarehe 21, Kyoto

Tarehe 21 ya kila mwezi ni soko la Kobo-san katika hekalu la Toji, mvua au jua. Ndiyo sababu safari ilianza tarehe 16. Aliyechelewa ana nafasi nyingine tarehe 25, kwenye hekalu la Kitano Tenmangu. Fika alfajiri, wauzaji wa maduka ya Kyoto wenyewe hununua hapa kabla watalii hawajaamka.

Toji ina masanduku mengi. Kalamu nzuri hutoka na sanduku la mbao laini ya kiri, lenye maandishi ya wino ndani ya kifuniko: jina la mchoro, sahihi ya fundi, muhuri. Sanduku lake halisi huongeza bei sana, na ndiyo maana masanduku huozeshwa kwa kalamu zisizo zao. Laza kalamu ndani. Kitanda chake kiwe cha urefu wake, bila nafasi ya milimita 10 kichwani. Kitambaa kilichokaa na kalamu miongo mingi huwa na alama ya klipu mahali klipu ilipo.

Kisha sahihi. Mwili wa zamani una mikwaruzo midogo kila mahali. Kwenye sahihi ya asili mikwaruzo hiyo hupita juu ya herufi, maana imechakaa pamoja na kalamu. Sahihi ikiwa imepita juu ya mikwaruzo, imejaza mifereji yake, na haina mkwaruzo wake wenyewe, imeandikwa baadaye. Kipimo hichohicho hufichua kalamu ya ebonaiti ya kawaida iliyochorwa maki-e miaka ya karibuni ili ipande cheo: mchoro mbichi juu ya mwili uliochoka, na klipu iliyokwisha mchovyo kando ya dhahabu isiyo na alama. Ukosefu wa sahihi si dosari. Kazi nyingi njema za kabla ya vita zilitoka bila jina, na kwa bei ya kalamu moja yenye sahihi ya kutilia shaka utapata mbili zisizo na jina lakini zisizo na shaka.

Bei hupunguzwa kidogo, kwa upole, hasa ukichukua vitu viwili. Kuonyesha dosari kwa sauti mbele ya wateja wengine huharibu mazungumzo. Ionyeshe kwa kidole, nyamaza, ngoja. Omba risiti yenye maelezo ya kitu, hata ya kuandikwa kwa mkono.

Jumamosi tarehe 22, kufunga mizigo

Kalamu husafiri bila wino, kwenye mkoba wa mkononi. Kila moja izungushiwe karatasi laini isiyo na asidi, kisha sanduku lake. Usitumie plastiki yenye mapovu moja kwa moja juu ya urushi, huacha alama za duara. Pembe za ndovu na ganda la kasa ng'amba ni suala la sheria: kalamu yenye sehemu halisi za vitu hivi haivuki mpaka bila vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kwa ng'amba hesabu kuwa haitavuka. Ganda bandia la seluloidi halina shida, ila risiti iseme wazi kuwa ni seluloidi.

Kwa anayehifadhi Mombasa, Zanzibar au Muscat, unyevu wa pwani hauiumizi urushi. Huumiza klipu na huleta ukungu kwenye kitambaa cha sanduku, kwa hiyo lifunguliwe kila baada ya wiki chache. Kwa anayeishi kwenye baridi kavu ya Ulaya au kiyoyozi cha Ghuba mchana kutwa, hatari ni ukavu, hasa kwa kalamu yenye kiini cha mbao. Lenga unyevu wa asilimia 50 hadi 65. Mahali popote, jua la dirishani ndilo adui mkubwa: urushi iliyoganda hustahimili asidi, lakini miale ya jua huifanya hafifu na kuibadilisha rangi.

Kalamu ya inki-dome isitiwe wino kabla ya jaribio la maji. Ijaze maji, kaza kitasa, isimamishe nibu chini juu ya karatasi kavu ya kufyonza kwa saa 24, kisha igeuze mkia chini kwa saa 24 nyingine. Karatasi ya kwanza ikilowa, ncha ya fimbo haizibi. Ya pili ikilowa, koki imekwisha, na iende kwa fundi kabla ya tone lolote la wino.